Posa Iliyokuja Mchana

Kutoka Masasi hadi Nachingwea si mwendo mrefu, ni kama kilometa 45 tu. Sisi tulikuwa watatu, wauguzi wawili na mwalimu, wote wa umoja wa wanawake kanisani kwetu. Tulialikwa kuzungumza na akina mama juu ya uzazi na malezi. Hatukujua kwamba tungerudi na habari ya posa.

Nachingwea ni mji uliowahi kuahidiwa makubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao wa kulima karanga huko Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Waliyaleta matrekta, wakafyeka pori, wakajenga reli na bandari ya Mtwara. Kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa, na kiasi cha pauni milioni 36 kilikuwa kimepotea. Reli nayo iling'olewa baadaye. Leo wananchi wanategemea korosho, ufuta na mbaazi, na ukiwasikiliza wazee utaona kwamba wamejifunza kutoziamini ahadi kubwa upesi.

Baadaye palikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji, waliokuwa chini ya Samora Machel. Mwezi wa Mei 1969 Samora alimwoa mpigania uhuru mwenzake, Josina Muthemba, huko Tunduru. Josina alifariki tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na miaka 25 tu, akaacha mtoto mdogo wa kiume. Mwaka 1973 akaja Tanzania binti mwingine, Graça Simbine, naye akapata mafunzo Nachingwea. Mwaka 1975 aliolewa na Samora, akawa mama wa watoto ambao hakuwazaa. Samora alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1986. Mwaka 1998 Graça, sasa mjane na mama, aliolewa na Nelson Mandela, Rais wa Afrika Kusini.

Tulipowasimulia akina mama habari hizo chini ya mwembe, mmoja akasema, "Hao ni wakubwa, dada zetu. Huku kwetu diwani akimpenda mama mwenye mtoto asiye na baba, watu watasema nini?" Wenzake wakacheka, kisha wakatazama chini. Tukajua kwamba swali lile lina mwenyewe. Mama huyo alikuwa ametoka Ruangwa kumsalimia dada yake, na sisi kesho yake tulikuwa tunakwenda huko. Tukapanda gari moja.

Njiani mikorosho ilitufuata pande zote mbili. Ndipo akatueleza. Alipokuwa mjamzito, kijana aliyempa mimba aliondoka na msimu wa korosho, hakurudi. Alipokwenda kliniki peke yake, alirudishwa akalete barua ya mwenyekiti wa kijiji kuthibitisha kwamba hana mwenzi. Hapo sisi wauguzi tuliona haya, kwa kuwa nasi tumewahi kuwatuma wanawake barua kama hizo, bila kufikiri ni mzigo gani tunamtwika aliyekwisha kulemewa. Mwenyekiti aliandika ile barua bila kumwuliza jina la mwanamume. "Aliniuliza tu kama nimekula," alisema.

Miaka ikapita. Mwenyekiti akafiwa na mkewe, kisha akachaguliwa diwani wa kata. Mama yule alikuwa akiuza vitumbua na chai stendi. Diwani akawa mnunuzi wa kila asubuhi, na mji mdogo hauna siri.

Wamwera wa Ruangwa na Nachingwea huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto asiye na baba nyumbani si mtoto asiye na kwao, maana ana ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye msemaji. Kwa hiyo kilichomtesa mama huyu zaidi ya mtoto kilikuwa mkopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chake cha akina mama kilikuwa kimeomba. Na diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Watu wakaanza kunong'ona kwamba vitumbua vimegeuka kuwa mdhamini.

Jioni moja diwani alimwambia kwamba anamtaka. Jibu alilompa lilitunyamazisha sisi tuliozoea kutoa mashauri. "Kama unanitaka, usije usiku na tochi. Njoo mchana kwa mjomba wangu. Na siku jina la kikundi chetu likiwa mezani, wewe toka nje, wengine waamue."

Tulimkumbuka Boazi, mtu mwenye mali na sifa katika mji wake. Hakulimaliza neno la Ruthu gizani. Alikwenda langoni, akaketi mbele ya wazee kumi, mji mzima ukashuhudia. Mwanamume mwenye cheo akimpenda mwanamke asiye na mtetezi, usalama wa mwanamke uko kwenye mwanga.

Sheria nayo inapenda mwanga. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa, ili mwenye pingamizi aseme. Wapo wanaotegemea kwamba mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili, wakajulikana kuwa mume na mke, sheria huwachukulia kuwa wameoana. Ni kweli, ila dhana hiyo yaweza kupingwa mahakamani, na ushahidi utatafutwa wakati mioyo imekwisha kuchafuka. Na kwa mtoto wa yule kijana aliyetoweka, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mama kuomba mahakamani matunzo kutoka kwa baba. Sheria ya zamani, ya mwaka 1949, ilikuwa imeweka shilingi 100 kwa mwezi!

Hatukuona harusi. Hadi tunaondoka Ruangwa, diwani alikuwa amekwenda kwa mjomba, mchana, na shahidi mmoja. Mjomba alimpokea, akamkaribisha chai, kisha akamwambia arudi korosho zikiisha kuuzwa. "Mapenzi ya msimu tunayajua hapa," alisema. Kikundi nacho kilikuwa bado kinangoja jibu.

Mama alituaga stendi, akatufungia vitumbua kwenye gazeti, akakataa fedha. Tulimwuliza kama anaogopa kwamba mtu huyo hatarudi. Akamfunga vizuri mwanawe kandambili, akasema, "Asiporudi, angalau kila mtu atajua ni nani aliyeondoka."

Mama mwenzetu, kama una binti au mdogo wako anayelea peke yake, usimwambie kwamba bahati yake imekwisha. Mwambie tu asikubali kupendwa kwa siri.