Nionyeshe Jiji Lako: Siku Moja Nairobi na Mume Wangu

Wasomaji wetu wengi mko kwenye mapenzi ya mbali, najua. Mmoja Dar, mwingine Mwanza, au kafuata kazi nje ya nchi. Mimi ni mmoja wenu. Mume wangu alipata kazi Nairobi, na nilipopanda basi kwenda kumwona alikuwa ametimiza miezi minane huko. Nisiwadanganye, niliondoka na dukuduku. Simu yake ilikuwa haipokelewi wikiendi nzima. Jiji kubwa, mshahara mzuri, mwanaume mtanashati... jumlisha mwenyewe.

Jumamosi asubuhi nikamwambia, "Leo nitembeze. Nionyeshe jiji lako." Lengo langu lilikuwa kuona ni nani atakayemsalimia njiani!

Tulianzia Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni. Pazuri kuanzia, maana hata Nairobi ilianzia na reli. Reli kutoka Mombasa ilifika mwaka 1899, ikapigwa kambi, na kambi hiyo ndiyo ikageuka jiji. Kuna magarimoshi ya zamani, makubwa kweli kweli, lakini kilichonishika mimi ni behewa moja dogo. Mwaka 1900, ofisa wa polisi wa reli aitwaye Charles Ryall alikaa ndani yake pale Kima, akimvizia simba mla watu. Usingizi ukampitia. Simba akaingia, akaondoka naye.

"Ukilala lindoni ndiyo hayo," nikasema. Mume wangu akauliza nina maana gani. Nikamwambia sina maana yoyote, twende.

Kutoka hapo hadi Bustani ya Kumbukumbu ya Agosti 7, kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, ni mwendo mfupi wa miguu. Tulipotea! Mtu wa miezi minane akanipeleka njia siyo, ikabidi tumuulize mama muuza njugu. Huyo mama akatucheka, akatugeuza tulikotoka. Hapo ndipo nilipoanza kushangaa.

Bustani hiyo iko pale ulipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa mwaka 1998. Watu 213 walikufa Nairobi, na asubuhi ileile watu 11 wakafa kwetu Dar. Mimi nilikuwa mtoto, ninachokumbuka ni redio iliyowashwa nyumbani kutwa nzima na wakubwa walionyamaza. Ukutani pameandikwa majina ya waliokufa. Tuliyasoma kidogo kidogo, kisha tukakaa kwenye benchi. Katikati ya kelele zote za matatu, pale ndani pametulia.

Nikamuuliza pale pale, "Wikiendi huwa uko wapi?"

Akachelewa kujibu. "Nalala. Nikisikia sauti ya mtoto kwenye simu nashindwa hata kula, kwa hiyo naizima."

Yaani miezi minane! Nilikasirika kuliko ningemfumania, maana kule Dar mtoto alikuwa akiuliza kila Jumapili kwa nini baba hapokei. Nikamweleza hivyo, bila kupaka mafuta. Tulibishana kwa sauti ya chini, na mlinzi mmoja akatutupia jicho mara mbili.

Tuliingia Jumba la Kumbukumbu za Taifa bado tumenuniana. Jengo lenyewe zamani lilikuwa benki. Ghorofa ya chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966: vinyago, vitambaa, mapambo kutoka kila pembe ya Afrika. Alivikusanya yeye na mkewe Sheila, na leo wamezikwa jirani kule City Park. Mume wangu alisimama muda mrefu mbele ya vile vitu. "Sisi tumekusanya nini?" akauliza. Nikamjibu, "Vocha za simu." Tukacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

KICC tuliiacha ya mwisho, na nawashauri mfanye hivyo, jua likianza kupoa. Jengo hili lilifunguliwa mwaka 1973, lina urefu wa mita 105 hivi, na ule mnara wake wa duara mmeuona kwenye picha nyingi za Nairobi. Uliza kwanza getini kama wageni wanaruhusiwa kupanda siku hiyo. Sisi tulipanda. Kule juu upepo ulikuwa wa kuondoka na wigi la mtu. Unaona mabati, maghorofa, na upande wa kusini mbuga ya wanyama, pale pale mlangoni pa jiji.

"Haya, nionyeshe," nikamwambia tena.

Akaonyesha ofisini kwake. Akaonyesha upande anakoishi. Akafikiri, kisha akaonyesha yanakoondokea mabasi ya Dar. Basi, mengine hayajui.

Tikiti yangu ya kurudi ilikuwa ya Jumapili alfajiri. Nikaibadilisha iwe Jumanne, na jioni hiyo tukampigia mtoto simu tukiwa wawili.