Viti Kumi na Viwili vya Havana

Ndugu msomaji, msafiri wa matembezi huangalia majumba na bahari, na akishachoka hurudi nyumbani na picha zake. Lakini msafiri aliyetumwa na shemeji yake kumtazamia mahali pa kuweka fedha ya kiinua mgongo hana budi kuangalia hata kilichomo chunguni. Hivyo ndivyo nilivyoutazama mji wa Havana, mji mkuu wa Cuba, nilipofika huko mwezi wa Oktoba mwaka 2024.

Shemeji yangu huyo alisoma Havana katika miaka ya 1980, wakati vijana wengi wa Afrika walipokuwa wakipelekwa kisiwani humo kwa masomo. Miongoni mwa aliosoma nao alikuwamo binti mmoja Mcuba, mhandisi, ambaye sasa ni mama mtu mzima mwenye mgahawa wake katika mtaa wa Vedado. Hawakuacha kuandikiana. Mwaka huo mama yule alimwandikia kwamba akipata dola 10,000 ataweza kununua jenereta na friza kubwa, na kwamba faida watagawana nusu kwa nusu. Shemeji alikuwa ndiyo kwanza amestaafu. Fedha aliyopewa ndiyo iliyokuwa ya kumalizia nyumba na kumsomesha kitindamimba wake.

"Wewe unakwenda huko," aliniambia. "Nakuomba, shemeji, ukaone kwa macho yako. Usiniletee maneno ya vitabuni."

Cuba ni kisiwa kirefu na chembamba, kiasi cha kilomita 150 tu kutoka visiwa vya kusini mwa Marekani. Havana umekaa mdomoni mwa ghuba, na ngome ya Morro, ambayo Wahispania walianza kuijenga mwaka 1589, ingali imesimama juu ya mwamba ikilinda mlango wa bandari. Watu huvuka maji kwenda mtaa wa Regla kwa chombo kidogo. Nami nilipowaona na vikapu vyao nilidhani niko Kivukoni, nasubiri pantoni ya Kigamboni. Ukuta wa Malecón hufuata bahari kwa karibu kilomita 8, na jioni familia nzima huketi juu yake kupunga upepo. Majumba yaliyo nyuma ya ukuta huo ni mazuri ajabu, na mengi yamechoka ajabu. Chumvi imekula nondo, na roshani nyingine zimeshikiliwa na magogo.

Msomaji aliyewahi kupanga foleni ya sukari na sabuni katika miaka yetu ya mwanzo ya 1980 hatakuwa mgeni huko. Mgao wa chakula ulianza Cuba mwaka 1962, na kila familia ikawa na kitabu chake cha kuchukulia mchele, maharage, sukari na mafuta katika duka la serikali liitwalo bodega. Mkate ulikuwa mmoja kwa kila mtu kwa siku. Mwezi mmoja kabla sijafika, uzito wa mkate huo ulikuwa umepunguzwa kutoka gramu 80 hadi gramu 60. Nilimwona mzee mmoja akiupokea, akaupima kiganjani, akatikisa kichwa, akauweka mfukoni.

Hatua chache kutoka bodega hiyo palikuwa na duka la mtu binafsi, nalo lilikuwa na kuku wa barafu, mafuta, maziwa ya unga na biskuti, kwa bei ambayo mshahara wa mzee yule haungeifikia. Hapo ndipo macho ya mfanyabiashara huanza kung'aa, kwa kuwa mahali penye upungufu wa kila kitu, kila kitu kina mnunuzi. Hoja hiyo ni ya kweli. Aliyoisahau shemeji ni hoja ya pili, yaani kuuliza ni nani anayeamua rafu ijae leo na iwe tupu kesho.

Mama wa Vedado alinipokea kama ndugu. Mwanawe wa kiume alitufasiria, maana Kihispania changu hakivuki salamu. Mgahawa wenyewe ni sebule ya nyumba waliyoachiwa na wazazi, pamoja na ua wenye mwembe. Nyuma ya ua, viti kumi na viwili vya mbao vilikuwa vimebebanishwa ukutani. Niliuliza kwa nini havitumiki, na hapo ndipo nilipopata somo langu la uchumi.

Baba wa mama huyo alikuwa na kibanda cha kuuza chakula. Mwezi wa Machi mwaka 1968 serikali ya mapinduzi ilitaifisha biashara ndogo zilizosalia nchini, zaidi ya 55,000 kwa jumla: baa, vibanda, vinyozi, hata mafundi viatu. Baba yake akawa mwajiriwa wa serikali, akapika chakula kile kile katika jiko la serikali hadi alipostaafu.

Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, Cuba ilipoteza mnunuzi wa sukari yake na mleta mafuta yake kwa mpigo mmoja, na njaa ikaingia. Mwaka 1993 serikali iliruhusu watu kujiajiri na kushika dola. Miezi michache baadaye migahawa ya nyumbani ikapigwa marufuku. Mwaka 1995 ikaruhusiwa tena, lakini kwa masharti: viti visizidi kumi na viwili, na nyama ya ng'ombe na kamba wasiuzwe. Wananchi wakaiita migahawa hiyo "paladar", jina la biashara ya chakula katika mchezo wa televisheni wa Brazil uliopendwa sana kisiwani. Mhandisi wetu, ambaye mshahara wake wa mwezi haukutosha kununua viatu, akaenda kuchukua leseni.

"Mkaguzi aliingia akahesabu viti kabla ya kusalimia," alisema mama. "Kodi ya leseni nililipa kila mwezi, wageni waje wasije."

Mwaka 2011 idadi iliyoruhusiwa ikapanda hadi viti 50. Mwezi wa Desemba 2014 Marekani na Cuba zilitangaza kurejesha uhusiano, na Machi 2016 Rais Obama akatembelea Havana. Watalii wakafurika, na mama akaajiri watu tisa. Mwaka 2017 serikali ilisimamisha utoaji wa leseni mpya za migahawa. Mwishoni mwa 2018 kikomo cha viti 50 kikaondolewa. Mwaka 2018 watalii walifika milioni 4.7. Juni 2019 Rais Trump akazuia meli za utalii za Marekani kutia nanga Cuba, mwaka uliofuata maradhi ya korona yakafunga viwanja vya ndege, na mwaka 2024 wageni walikuwa kiasi cha milioni 2.2. Sheria ya Agosti 2021 iliwaruhusu watu binafsi kuunda makampuni yenye wafanyakazi hadi 100. Lakini mwaka 2024 kanuni zikaanza kukazwa upya, na kufikia mwisho wa mwaka biashara ya jumla ya watu binafsi ilikuwa imebanwa.

"Basi ndiyo maana sivitupi," mama alisema akivigusa vile viti. "Sijui lini nitaambiwa nivirudie."

Tulikuwa bado tunazungumza habari hizo siku ya Ijumaa, tarehe 18 Oktoba, umeme ulipokatika. Ulikuwa umezimika nchi nzima. Mtambo mkubwa wa Antonio Guiteras ulioko Matanzas ulikuwa umesimama, na gridi yote ya taifa ikaanguka pamoja nao. Ndani ya friza ya mama mlikuwa na kuku wa juma zima. Tena, ndugu msomaji, kuku hao walitoka Marekani. Nchi hiyo imewawekea Wacuba vikwazo vya biashara tangu mwaka 1962, lakini sheria yake ya mwaka 2000 inaruhusu kuwauzia chakula mradi walipe taslimu kabla ya kukabidhiwa mzigo.

Usiku wa Ijumaa tulingoja. Jumamosi mchana barafu ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Mama hakulia wala hakulaani. Aliwasha jiko la mkaa uani, akawapika kuku wote, akamtuma kijana wake kuwaita majirani waje na sahani. Wazee walikula, watoto walikula, na mkaguzi mmoja aliyekaa jirani naye alikula. Umeme ulirudi mtaani kwetu jioni ya Jumatatu. Hasara ile ilikuwa zaidi ya faida ya miezi miwili, naye aliiandika katika daftari kwa mwandiko mzuri wa kihandisi.

Siku iliyofuata nilimwomba anionyeshe daftari lile. Aliuza kwa peso. Ili kununua kuku alihitaji dola. Kiwango rasmi kwa makampuni kilikuwa peso 24 kwa dola moja, kwa watu binafsi peso 120, lakini benki haikuwa na dola za kumuuzia. Mtaani dola moja ilikuwa zaidi ya peso 300. Kwa hiyo kila alipouza sahani ya chakula alikuwa akikimbizana na bei ya dola ya kesho yake.

Kisha nikauliza swali nililotumwa. Jina la shemeji lingeandikwa wapi?

Kijana alimtazama mama yake kabla ya kutafsiri. Jibu lilikuwa kwamba lisingeandikwa popote. Sheria ya 2021 ilitaka washirika wa kampuni binafsi wawe watu wenye makazi ya kudumu Cuba. Wageni wengi huingiza fedha kwa jina la rafiki, mke au binamu. Mambo yakienda vizuri, hugawana mezani. Yakienda vibaya, mgeni hana karatasi ya kupeleka mahakamani. Mama hakunificha, alikuwa amemwamini shemeji, na alidhani shemeji naye angemwamini. Sina shaka na uaminifu wake. Lakini kijana huyo ndiye mwenye kurithi, na usiku ule wa giza alikuwa ameniuliza nauli ya kwenda Hispania ni kiasi gani. Watu wa kisiwa hicho walikuwa zaidi ya milioni 11. Hesabu ya serikali ya mwisho wa 2024 ilionyesha wamepungua chini ya milioni 10, na wengi wa walioondoka ni vijana.

Yuko mgeni ambaye jina lake huandikwa waziwazi, naye ni kampuni kubwa. Sheria ya uwekezaji ya mwaka 2014 iliisamehe kodi ya faida kwa miaka minane, na katika eneo la bandari ya Mariel, kilomita 45 magharibi ya Havana, msamaha huo ulikuwa wa miaka kumi. Ufaransa ina ubia wa pombe ya rum tangu 1993, na Kanada iliingia ubia wa nikeli mwaka 1994. Lakini hata hao wameonja uchungu. Kwa kawaida mwekezaji hakuchagua wafanyakazi mwenyewe. Aliwapata kupitia wakala wa serikali. Mwaka 2009 makampuni mengi ya kigeni hayakuweza kutoa fedha zao katika benki za huko. Mfanyabiashara mmoja wa Kanada alikamatwa mwaka 2011 kwa shutuma za rushwa, akahukumiwa miaka 15 mwaka 2014 huku akikana, akaachiwa mwaka uliofuata. Na kwa upande wa pili, sheria ya Marekani ya mwaka 1996 humwandama mgeni anayetumia mali iliyotaifishwa, na benki nyingi duniani hukataa malipo zikiona tu neno Cuba.

Haimaanishi kwamba hakuna biashara na Wacuba. Kiwanda cha dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu kilichoko Kibaha, mali ya Shirika letu la Maendeleo la Taifa, kilijengwa kwa utaalamu wao na kufunguliwa mwaka 2015. Hapo fedha ilibaki kwetu na ujuzi ndio uliosafiri. Lakini huo ulikuwa mkataba wa taifa na taifa, nao haufanani na mkataba wa mstaafu mmoja na mwenzake wa chuoni.

Niliporudi nilimweleza shemeji yote, hata habari za kuku. Alinyamaza kwa muda mrefu. Alikuwa na haki ya kunikasirikia, kwa kuwa nilimletea habari za kumkatisha tamaa juu ya mji wa ujana wake.

"Naye alionekanaje?" hatimaye aliuliza.

"Amechoka, shemeji. Lakini chakula chake ni kitamu."

Fedha ya nyumba ilikwenda kwenye nyumba. Miezi mitatu baadaye mtu mmoja aliyekuwa akisafiri kwenda Havana alibeba bahasha yenye dola 600 na taa mbili za jua. Shemeji aliandika katika barua kwamba hiyo ni zawadi na asirudishiwe chochote. Mkewe alipomuuliza kwa nini 600, alijibu kwamba ndicho kiasi anachoweza kukipoteza bila kuupoteza urafiki.

Nawe, ndugu msomaji, ukipata barua ya namna hiyo kutoka nchi yoyote ambako mlango wa biashara hufunguliwa na kufungwa na mkono mmoja, fanya hesabu kama yake. Uliza jina lako litaandikwa wapi, fedha yako itatokaje, na ni nani atakayehesabu viti.