Senge Anauliza Nitakua Lini

Jumamosi tulikuwa Kiminini kwa mambo ya mahari ya binamu yangu. Senge, dada mkubwa wa babangu, alinishika mkono tukiwa kwa laini ya chakula, sahani juu juu, akaniuliza watu wakisikia: "Wewe, naambiwa kazi yako siku hizi ni kuchekesha watu kwa simu. Utakua lini?"

Nikamjibu, "Senge, wacha kwanza nimalize hii kuku."

Watu wakacheka. Hata yeye akacheka. Kazi yangu ni hiyo, na naifanya haraka kuliko vile mtu anaweza kuniuliza swali la pili.

Kwa matatu ya kurudi Kitale nikavaa hedifoni nikacheza Enema of the State ya blink-182 yote, bila kuruka. Nyimbo 12, dakika kama 35. Kiminini si mbali hivyo, lakini makanga alikuwa anasimama kwa kila mti, kwa hivyo muda ulitosha.

Mwezi ujao nafikisha 23. Kama unaijua hiyo albamu, tayari unajua kwa nini hiyo namba inanikwaruza. Kama huijui, usijali, hapa Kitale tunaoijua tunaweza kujaa boda moja.

Nilianza kuisikia nikiwa kidato cha pili. Khocha, ndugu ya mamangu, alikuwa na kaduka ka muvi huku Tuwan, zile za kukuwekea ngoma kwa memori. Unalipa, unachagua folda, unangoja kale kamstari kafike mwisho. Siku hiyo nilitaka Khaligraph na riddim kadhaa. Nafasi ikabaki, Khocha akasema ataijaza na kitu cha wazungu wanaopiga kelele. Folda iliandikwa BLINK tu. Sikuifungua mpaka wiki ya tatu, siku nilikuwa nimechoka na vingine vyote, na mvua ilikuwa imetufungia ndani vile mvua ya Trans Nzoia hufunga watu.

Hiyo kelele ilitoka mwezi wa sita 1999, mimi hata sijazaliwa. Ni bendi ya vijana watatu, iliyoanzia upande wa San Diego, Marekani: Mark Hoppus kwa besi, Tom DeLonge kwa gitaa, Travis Barker kwa dramu. Travis ndio alikuwa anaingia studio nao kwa albamu ya kwanza, na kama uko na masikio utasikia ni yeye anayebeba gari lote. Gitaa ni rahisi, sauti za kuimba zinatoka puani, lakini zile dramu zinakimbia kama boda aliyeona askari. Kopi zaidi ya milioni 15 duniani. Mambo wanayoimba ni yapi? Kupenda demu asiyekuona, kuharibu deti kwa ujinga, kusumbua watu kwa simu, party iliyokuboo. Kuna hata wimbo mzima wa viumbe kutoka angani, na huyo Tom baadaye alianzisha kampuni ya kufuatilia mambo ya UFO. Sijoki.

Ukora, kwa neno moja. Na sisi ukora tulikuwa nao.

Shuleni niliwahi kujiandikisha kwa simposia ya Kemia, mimi niliyekuwa napata D ya Kemia, kwa sababu ilikuwa inafanyika kwa shule ya wasichana na kulikuwa na mmoja huko niliyemwona kwa tamasha la muziki. Mwalimu alishtuka, akadhani nimeokoka kimasomo. Deski wangu, jamaa tuliyekaa naye dawati moja miaka minne, alinifundisha swali moja tu la kuuliza ili nionekane nimesoma. Nililiuliza. Mwenye kuwasilisha akanijibu vizuri kisha akaniuliza na mimi. Nikasema naomba kuchangia baada ya chai.

Yeye alikuwa amekaa safu ya pili. Alicheka mpaka akaficha uso kwa daftari. Baada ya chai ndio tukaanza kuandikiana.

Mliokuwa bweni mnajua zile barua. Karatasi ya katikati ya daftari, pafyumu imemwagwa mpaka wino umetoka jasho, na chini kabisa unaweka dedi, nyimbo za kumtumia mpenzi. Wengine walikuwa wanaweka Sauti Sol. Mimi nikaweka All the Small Things, blink-182. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: "Asante kwa dedi. Hiyo ni bendi ama ni namba ya matatu?"

Niliweka hiyo barua kwa sanduku mpaka tukamaliza shule.

Sasa, watu wazima hawakupenda huo ukora, wa huko na wa huku. Mwaka 2019, nikiwa kidato cha tatu, Wamlambez ya Sailors ilikuwa kwa kila matatu inayoingia Kitale, na Ezekiel Mutua, aliyekuwa bosi wa Bodi ya Filamu, akatangaza kwamba hiyo na Tetema ya Rayvanny na Diamond ni ngoma za kilabu tu. Sisi tulikuwa tunaziimba kwa laini ya uji. Nikiangalia sasa, Gengetone ilikuwa punk yetu, hata kama haina gitaa: vijana wa mtaa, vifaa vya bei ya chini, video ya siku moja, matusi ya kufurahisha, na hakuna mtu aliyewapa ruhusa. Rock yenyewe iko Nairobi, ndio, kuna watu kama Crystal Axis na ParkingLotGrass, lakini Nairobi ni Nairobi. Kwetu ukora uliingia na beat ya Gengetone, na kwa hedifoni yangu uliingia pia na gitaa.

Lakini siwezi kuitetea yote. Ule wimbo wa kwanza, Dumpweed, analalamika juu ya msichana vile mtu hulalamika juu ya mbwa asiyesikia. Dadangu mdogo aliusikia siku moja nikiwa naosha vyombo, nikamfafanulia maneno, akaniangalia tu akaniuliza, "Na wewe huwa unaimba hii ukiwa unafikiria nani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeimba miaka mitatu bila kufikiria mtu, na hapo ndipo shida ilipokuwa. Gengetone nayo ilikuwa hivyo hivyo, mara mbili. Ukora wa wavulana huwa na bili, na mara nyingi bili inapelekewa msichana.

Wimbo niliodhani umeandikiwa mimi ni Going Away to College. Jamaa anaenda chuo na anamwacha mpenzi, anajua watabadilika. Sisi tulikuwa darasa la korona: shule zilifungwa mwezi wa tatu 2020, tukarudi mwezi wa kumi, KCSE tukafanya mwaka uliofuata. Ile miezi saba nyumbani ilitufanya tuwe kitu kweli, simu mpaka usiku, bando ya mamangu ikiisha bila maelezo. Halafu nikaitwa chuo Bungoma. Bungoma! Kutoka Kitale unapitia Kamukuywa, Misikhu, Webuye, unashuka Kanduyi kabla chai uliyokunywa nyumbani haijashuka. Lakini niliusikiliza huo wimbo dirishani kama mtu anayehamia Canada. Machozi kabisa. Yeye aliingia chuo cha uuguzi, akapata marafiki wapya, akawa mtu mzima wiki ya kwanza. Mimi niliendelea kumtumia mizaha. Akaacha kucheka kabla hajaacha kujibu. Hapo hakuna kesi, alikuwa sawa.

Hiyo ndiyo sehemu ya mapenzi. Sehemu ya pili sijawahi kuiandika.

Januari 2023, mwaka wa pili, Mayi aliuza magunia sita ya mahindi akanitumia 28,000 ya karo. Nilikula hiyo karo. Sikuibiwa, wala hakuna aliyenikosea. Nilinunua simu ya mtumba yenye kamera safi, taa ya duara na kile kistendi chake, na deni la nyumba nikalimaliza. Nilijiambia video zikishika nitarudisha ndani ya mwezi. Hazikushika. Ukikosa kulipa hujisajili, usipojisajili hufanyi mtihani, na mimi kila Jumapili jioni nilikuwa nampigia Mayi simu namwambia leo tulikuwa na CAT, kesho tuna lekcha ya asubuhi. Nilikuwa na ratiba ya uongo iliyopangwa vizuri kuliko ile ya ukweli. Ndani ya hiyo miezi ndio nilipiga zile skiti za mwanzo, zile mnazozipenda, ya mlinzi wa geti na ya mama wa chapati. Angalieni vizuri ukuta nyuma yangu. Sikuwa nimetoka nje ya hiyo bedsita siku kadhaa.

Katikati ya Enema of the State, namba saba, kuna wimbo unaitwa Adam's Song. Ni wa kijana aliye peke yake na anafikiria kujiua. Hoppus aliuandika kutokana na upweke wa kuwa safarini na bendi. Nilikuwa nauruka kila mara. Haukuwa wa kuchekesha, na mimi nilikuja kwa albamu kucheka. Nilikuwa naona kama wamekosea folda.

Usiku mmoja mwezi wa nne, malori ya Malaba yanapita pale Kanduyi kama kawaida yao, nimelala chini kwa godoro, simu iko mezani na kile kitufe cha hedifoni kilikuwa kimekufa. Kuruka wimbo kungenibidi nisimame. Sikuwa na nguvu ya kusimama. Ndio hivyo tu, wimbo ukacheza.

Na kile kilichonishika si huzuni yake. Ni pale ulipokuwa umewekwa. Hawa watu kwa video ya What's My Age Again? wanakimbia uchi barabarani Los Angeles. Ule wimbo wanakimbia nao mhusika wake ana miaka 23 na hataki kukua. Wao wenyewe walitaka kuuita Peter Pan Complex, kampuni ya rekodi ikataka jina libadilishwe. Mark mwenyewe alikuwa na miaka 27 albamu ikitoka. Kumbe watu walewale, kwenye dakika zilezile 35, walikuwa wanajua kabisa nini kiko chini ya mzaha, na wakakiweka katikati, sio mwisho kama somo. Wimbo wa nane unaanza na wanarudi kwa upuzi wao.

Mimi upuzi niliuweka juu na chini sikuweka kitu. Kila mtu aliyenipigia nilimchekesha mpaka akakata simu akiwa na furaha.

Saa nane usiku nikampigia Deski. Alishaacha shule zamani, anaendesha boda Matisi. Akapokea na mzaha wetu wa kawaida, na mimi nikashindwa kurudisha. Ile sekunde ya kimya ndiyo ilimwambia. Akauliza, "Uko wapi, sasa hivi?" Nikasema ndani. Akasema, "Usikate." Hatukuongea sana. Nilimsikia akitafuta viatu, akimwamsha mtu aazime mafuta. Kabla ya saa tatu asubuhi alikuwa mlangoni, macho mekundu ya vumbi, na chapati nne kwa karatasi. Alikula mbili, nikala mbili. Akaangalia ile taa ya duara, akaniambia, "Pakia."

Tulirudi Kitale kwa boda, begi mbele, mimi nimekumbatia kistendi. Mayi alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Hakunipigia kelele. Aliendelea na gunzi lililokuwa mkononi mpaka likaisha, akasema, "Elfu ishirini na nane," akaingia ndani. Siku 11 hakunisemesha zaidi ya "chakula kiko." Siku ya 12 akaniambia kila Ijumaa mia tano, na kama hiyo simu haiwezi kuzileta, jembe linaweza.

Jembe lilileta nyingi mwanzoni. Siku hizi simu inaleta. Kuna Ijumaa zilipita bure, lakini daftari analo yeye, na jana lilikuwa linasema zimebaki 9,500.

Kwa hivyo Senge, nilikuwa na jibu, lakini si la laini ya chakula. Na kwa wewe unayesoma ukiwa na ratiba ya uongo mahali fulani, ukiwa ndiye wa kuchekesha kundi: mpigie yule anayejua mzaha wako kiasi cha kusikia ukikosa. Mpigie hata saa nane.

Jioni hiyo ya Jumamosi nilifika nyumbani albamu ikiwa bado akilini, nikaiweka tena kwa spika ndogo tukiwa uani. Mayi ni alto wa kwaya, masikio yake hayana huruma. Alisikiliza nyimbo mbili akichambua maharagwe, akaniuliza hawa vijana wanapigana na nani. Nikamwambia wanaimba mapenzi. Akasema, "Kwani mama zao walikuwa wapi?"

All the Small Things ikafika. Kuna ile sehemu isiyo na maneno, sauti tu, ya kuimba na umati. Mara ya pili ilipokuja alikuwa anaifuata, chini chini, na alto yake, ameitoshea vizuri kuliko Tom. Nikanyoosha mkono kuchukua simu nimrekodi.

"Weka hiyo simu chini," akasema, bila kuinua macho. "Na Ijumaa haijapita?"

Ilikuwa imepita. Nikaingia M-Pesa.