Kabla Hamjatujengea, Ulizeni Maji Yalifika Wapi

Leo sina vichekesho. Nataka tuongee kuhusu hivi vikundi vya kanisa vinavyokuja huku Tana River baada ya mafuriko kujengea watu nyumba. Najua wengine mtasema shukrani ya punda ni mateke. Someni hadi mwisho kwanza, halafu mnitukane.

Kwa wageni: mimi ni kijana wa Bura. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, nikarudi nyumbani na simu yangu. Kwa hiyo Agosti 2024, vijana wa kanisa moja la Nairobi walipotafuta mwenyeji wa kuwaonyesha njia na kuwachukulia video, mimi nilikuwepo. Siku kumi nilichimba mashimo, nikakanyaga udongo, nikabeba mabati. Ninachosema nimekiona.

Mafuriko huku si habari mpya. Wazee wanahesabu miaka kwa maji: 1961, El Niño ya 1997, halafu 2018. Novemba 2023 maji yakaja tena, na watu hawajapumua vizuri, yakarudi Aprili 2024. Tarehe 28 mwezi huo boti ilizama Kona Punda, kule Madogo, ikiwa imejaa watu. Na mara nyingi mvua yenyewe hata si ya kwetu. Inanyesha Mlima Kenya na Aberdare, bwawa la Masinga linajaa na kumwaga, na siku chache baadaye mto unaingia jikoni kwako jua likiwaka.

Sasa, wageni walikuja na mpango wa nyumba tano. Pesa ilichangwa kwa ahadi hiyo: nyumba tano za mabati, na picha ya kila familia ikiwa mlangoni. Siku ya kwanza tukashuka kijiji kimoja karibu na mto. Kiongozi wao akaonyeshwa mahali nyumba ya bibi wa kwanza kwenye orodha ilipokuwa, zimebaki nguzo mbili tu, akasema, "Basi tuanzie hapa hapa."

Bibi yule ni Mwislamu na hakuna aliyejali hilo, kwa hapo nawapa heko. Aliwakaribisha chai, halafu akaniita kando. "Mjukuu wangu, waambie wageni mabati wasiyaweke hapa, mto utayabeba. Wanijengee chumba kimoja kule juu, hata kikiwa kidogo. Hapa chini nitajisimamishia kibanda changu cha makuti nilinde mahindi."

Nikapeleka maneno. Kiongozi, mtu mzuri kabisa, akashangaa. "Sasa akihama si ahame kabisa? Kibanda cha nini tena?"

Watu wengi wa mbali hukwama hapo. Wanadhani anayerudi mtoni ni mkaidi. Lakini mto unaobomoa nyumba ndio huo huo unaoacha udongo wa kulimia. Maji yakishuka, watu wanapanda kwenye unyevu uliobaki. Kule juu ni mathenge na vumbi, na tena ni malisho, ng'ombe wa wafugaji wanapita. Huwezi kuamka asubuhi ukasimamisha kijiji kwenye njia ya mifugo. Sisi tunajua ugomvi wa ardhi na maji unaweza kufika wapi. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, Tana Delta ilizika watu zaidi ya 100.

Ikabidi kikao. Wazee wa kijiji, wazee wa wafugaji, chifu na wageni, wote chini ya mti. Kilichukua siku mbili, na vijana wa Nairobi wakaanza kununa kwa sababu walikuja kujenga, si kukaa mkekani. Mwishowe kikapatikana kipande cha juu karibu na barabara: vyumba vidogo tu, na njia ya ng'ombe isizibwe.

Muda ulikuwa umekwenda, pesa nayo ikaliwa na usafiri wa kupandisha vitu. Vijana wa kijiji walikata mathenge, nguzo tukazipaka oili chafu ya gari kwa sababu ya mchwa, sakafu tukaiinua kwa udongo ulioshindiliwa. Msichana mmoja mwanafunzi wa uhasibu alikandika ukuta mara tatu, na mara tatu ukamwangukia miguuni, manake udongo wake ulikuwa na maji mengi. Mama mmoja akamshika mikono akamwonyesha. Badala ya nyumba tano tukamaliza vyumba vitatu.

Sasa kilichoniuma ni hiki. Waliporudi Nairobi, baadhi ya waliochanga walilalamika: tulilipia tano, mbona tatu, tena vidogo hivyo? Kiongozi akanipigia kuniuliza kama nina video ya bibi akilia, angalau watu waguswe. Sikuwa nayo. Bibi hakulia, alikuwa anabishana na fundi kuhusu dirisha likae wapi. Nikamtumia video ya kikao, dakika kumi na mbili za wazee wakijibizana. Akasema hiyo hakuna atakayeitazama. Huenda ni kweli. Mimi naishi kwa watazamaji, najua kinachopendwa.

Lakini kwangu zile siku mbili zilikuwa na thamani kuliko mabati yote. Ukuta wa udongo watu wa huku wanaujua tangu zamani, hawahitaji kufundishwa na mtu wa Nairobi. Wanachokosa ni pesa ya mabati na misumari, na mgeni asiye na upande atakayekaa mkekani mpaka watu wakubaliane.

Kwa hiyo kama kanisa lenu, msikiti wenu au chama chenu kinapanga safari, tumeni watu wawili kwanza kabla ya basi. Waulize maji ya 2024 yalifika wapi, hata mtoto atawaonyesha. Waulize ile ardhi ya juu ni ya nani na nani huipitia. Wachangaji waambieni tangu mwanzo kwamba idadi ya nyumba itaamuliwa huku. Na mje mapema, mvua za Oktoba hazingoji kikao kiishe.

Mkihitaji wa kuwaonyesha njia, nipo Bura. Nitakuja na simu, na jembe pia.