Kupanda Mweka Kuuliza Risasi

Basi lilitoka Korogwe alfajiri, na tulipofika Same nilikuwa nimeshapewa ushauri wa kunitosha mwaka mzima. Jirani yangu wa kiti, mzee aliyewahi kubeba mizigo ya wawindaji huko Selous, aliapa kwamba hakuna risasi inayoishinda .30-06. Kijana wa kiti cha nyuma akadakia kwamba hiyo ni ya wazee. Nilinyamaza. Maombi yangu ya kumiliki bunduki yalikuwa yameshaanza safari yake serikalini, na kwenye leseni huandikwa silaha gani na risasi gani. Mimi nilikuwa nimeamua jambo moja tu: nataka bunduki ya bolti fupi, kwa sababu vichaka vya Handeni havimpendi mtu mwenye bunduki ndefu na nzito.

Kuhusu risasi, nilikuwa naenda kuuliza Mweka, juu ya Moshi. Moshi nilikuwa sijawahi kufika. Baada ya Mwanga milima ya Upare ikaanza kubaki nyuma, na kutoka Himo Mlima Kilimanjaro wenyewe ukawa mkono wa kulia, wingu limeufunika kuanzia kiunoni. Abiria wenyeji hawakuuangalia hata mara moja. Mimi shingo iliniuma.

Kutoka mjini hadi Mweka ni kama kilomita 14, zote za kupanda. Bodaboda ilipita katikati ya vihamba, migomba juu na kahawa chini yake, maji yakikimbia kwenye mifereji kando ya njia. Huko juu ndiko kiliko Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori, kilichoanzishwa 1963, miaka miwili baada ya Nyerere kutoa tamko lake la Arusha kuhusu kulinda wanyamapori. Askari na maofisa wa wanyamapori wa nchi nyingi za Afrika wamesoma pale. Ajabu yake ni kwamba mlima huo hauwindwi: Kilimanjaro ni Hifadhi ya Taifa tangu 1973. Mtu anajifunza habari za bunduki mahali ambapo haruhusiwi kumpiga hata mbega.

Mwenyeji wangu alikuwa mhifadhi mstaafu anayeishi chini kidogo ya chuo. Majirani wanamwita Meku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata bunduki au umefuata mbege?"

Nikamwambia bunduki kwanza, pombe ya ndizi baadaye. Akatandika gazeti mezani, akasimamisha maganda matatu matupu, akaweka na rula ya shule. La .308 Winchester lilikuwa milimita 51, la .30-06 milimita 63, na la .375 Holland & Holland milimita 72.

"Usianze na jina, anza na rula," alisema. "Bolti fupi inapokea risasi nzima, ganda na kichwa chake, isiyozidi milimita 71 hivi. Hii .30-06 ikiwa nzima inakaribia 85. Haiingii kwenye magazini, na ubishi umekwisha."

Nikamuuliza kama ufupi huo haupunguzi nguvu. Alitikisa kichwa. Jeshi la Marekani lilipoipokea .30-06 mwaka 1906, baruti ya wakati huo ilihitaji ganda refu. Hadi 1952, Winchester walipoitoa .308, baruti ilikuwa imeboreshwa, kwa hiyo ganda likafupishwa. Kichwa cha gramu 11.7 kinatoka kwenye mtutu wa .308 kwa kasi ya mita 800 hivi kwa sekunde; .30-06 inaizidi kidogo tu. "Kongoni hataijua tofauti hiyo," alisema Meku.

Zipo nyingine zinazoingia kwenye bolti fupi. .243 ya mwaka 1955 ina teke dogo na inamfaa swala pala, lakini kichwa chake ni chepesi mno kwa pofu. 7mm-08 ya 1980 haina kasoro kubwa, na 6.5 Creedmoor inasifiwa kwa shabaha ya mbali. Kuhusu hizi mbili alikuwa na swali moja: "Zikikuishia uko safarini, duka gani litakuuzia?" .308 ni ndugu wa karibu wa risasi ya jeshi ya NATO, 7.62 kwa 51, na viwanda vinavyoitengeneza vimetapakaa duniani.

Kisha akagusa kitu ambacho ndani ya basi hakikutajwa kabisa. Kichwa cha risasi kina umuhimu zaidi kuliko jina lake. Kwa swala na ngiri, alisema, chukua kichwa laini, kinachopanuka kikiingia mwilini, ili mnyama aanguke karibu na asiende kufia vichakani na jeraha. Kichwa kigumu kinaweza kutoboa upande wa pili na kumpata mnyama ambaye huna leseni yake.

"Na nyati?" niliuliza.

Akaliinua lile ganda refu. Sheria yetu inataka .375 kwenda juu kwa nyati na tembo, na risasi hii ya mwaka 1912 inafika milimita 91. "Ukiwa na bolti fupi, nyati ni wa kupiga picha."

Ndipo mbege ikaletwa. Kabla sijaondoka nilikuwa nimeshaamua: .308, kichwa laini cha gramu 11.7. Meku alinipa sharti moja: sanduku la kwanza nisilipeleke porini. Lote liishie kwenye uwanja wa shabaha, kwa sababu mnyama hapigwi na ushauri wa ndani ya basi.