Amana Nyuma ya Uwanja

Marehemu baba yangu alichelea kuwa michezo ya chuoni ingenipotezea swala. Sikuwa mchezaji, nilikuwa katibu wa michezo: nikipanga ratiba, nikihesabu jezi, nikiandika nauli za timu daftarini. Ratiba niliipanga mechi ziishe kabla ya Magharibi, wachezaji wapate kuswali jamaa. Baba alipoiona, akaridhika. Daftari nililipeleka kwenye usaili wa kazi ya uratibu wa timu. Nikaulizwa zaidi juu ya salio la fedha kuliko juu ya soka. Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Usafiri, malazi na vifaa vitahitaji waaminifu. Wazazi wenzangu, tusiwafungie vijana mlango huu. Tuwafunze amana, kisha tuwaruhusu waende nayo.