Jasho la Freddie, Kanda za Kangema

Tarehe 24 na 25 Novemba 1981, bendi ya Queen ilipiga shoo mbili katika ukumbi wa Montreal Forum, Kanada, na mwongozaji Saul Swimmer akazirekodi kwa filamu ya milimita 35. Mwimbaji, yule mwenye masharubu, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Dunia inamjua kama Freddie Mercury.

Sisi wa Kangema tuliiona shoo hiyo kwa kuchelewa, na tuliiona vibaya. Kanda ya VHS iliyofika kwa baba mdogo ilikuwa nakala ya nakala. Freddie alikuwa doa jeupe linalorukaruka. Gitaa la Brian May, lile alilolitengeneza na babake kwa mbao za mahali pa moto pa nyumba kuukuu, lilikuwa doa la rangi ya chai ya rangi. Hatukulalamika. Tulidhani zamani yenyewe ndivyo ilivyokuwa, yaani watu wa 1981 waliishi ndani ya ukungu.

Mwaka 2007 filamu hiyo ilitoka upya kwa DVD na Blu-ray, ikiitwa Queen Rock Montreal. Januari 2024 ikaonyeshwa kwenye kumbi za IMAX, kisha ikatoka kwa 4K ya kutazamwa nyumbani. Nilipoitazama kwenye runinga nilinyamaza kabisa. Jasho linametameta shingoni mwa Freddie. Mishipa inamtoka akivuta sauti. Kumbe vyote hivyo vilikuwepo tangu siku ile! VHS hubeba takriban mistari 240 ya undani; runinga ya HD ina mistari 1,080, na ya 4K ina 2,160. Filamu ya milimita 35 ilishika mengi kuliko runinga zetu zilivyoweza kuonyesha, ikakaa ikisubiri.

Kazi ya kuirejesha filamu ni ya subira kama kuchuma chai. Sekunde moja ina picha 24, kwa hiyo dakika 90 ni picha 129,600. Kila moja hupitishwa kwenye skana. Vumbi na mikwaruzo huondolewa, mengine na kompyuta, mengine na mtu aliyeketi akitazama picha baada ya picha. Rangi husawazishwa, na sauti huchanganywa upya kutoka kanda za studio ikiwa bado zipo. Kuna mtego pia: filamu ina chembechembe zake, na fundi akizifuta kupita kiasi nyuso huteleza kama nta. Fundi mzuri anajua uchafu ni upi na ngozi ni ipi.

Lakini ufundi wote huo unasimama juu ya jambo dogo sana: mtu fulani hakutupa mikebe ya filamu.

Hapo ndipo ninapowaza kwetu. Joseph Kamaru, aliyefariki mwaka 2018, ni mtoto wa Kangema. Nyimbo zake ziliuzwa kwa santuri na kaseti, na ule wa 1975 kuhusu mauaji ya J.M. Kariuki wazee bado wanautaja kwa sauti ya chini. Leo mjukuu wake mwenye jina lilelile, msanii wa sauti anayejulikana kama KMRU, anazitoa upya nyimbo za guka wake mtandaoni. Kwa hiyo wanaosema haiwezekani huku kwetu, waulizwe tena.

Baba mdogo naye alipiga gitaa. Hakuwa maarufu, alikuwa mtu wa harusi na harambee. Alirekodiwa kwenye kanda mbili za VHS, na sasa hayupo. Ya kwanza familia iliipeleka kwa duka moja mjini ili igeuzwe dijitali. Tulirudishiwa flashi yenye faili ndogo, uso wake umevunjika kuwa miraba. Kanda yenyewe? “Hizo huwa tunatupa,” kijana wa dukani akasema, kama anayezungumzia maganda ya ndizi.

Ya pili anayo mjane wake, tunayemwita Tata. Kangema ni baridi na unyevu, na kuvu imeanza kuota pembezoni mwa utepe kama unga. VHS si filamu. Hata ikisafishwa na fundi bora duniani, haitatoa 4K. Mistari yake 240 ndiyo yote tuliyo nayo. Na mashine zinaisha: Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kuunda deki za video, iliacha mwaka 2016.

Nilimwambia Tata tuitoe kwenye sanduku la bati, tuisimamishe wima mahali pakavu, na mtu asiitumbukize kwenye deki kabla kuvu haijasafishwa. Ikishanakiliwa, tubaki na faili kubwa isiyobanwa, na kanda irudi nyumbani.

“Na hiyo picha itakuwa safi kama ya yule Mzungu wako?” akauliza.

“Yule ni wa Zanzibar, Tata. Na hapana, haitakuwa safi hivyo.”

Akafikiri kidogo. “Basi mkono wake wa kushoto uonekane tu. Alikuwa anakunja kidole cha mwisho akipiga. Hicho kidole nakitaka.”

Sasa natafuta deki nzima, na fundi asiyetupa vitu.